Msitu Uliopandwa Shimoni na Baiskeli za Ng'ambo

Barabara ya Malindi, ikishaipita Kongowea na Bombolulu, hufika mahali ambapo upande mmoja kuna mahoteli ya ufuoni na upande wa pili kuna miti iliyosimama kwa kushikana. Matatu hazipunguzi mwendo hapo. Abiria huitazama miti ile dirishani na kudhani ni msitu wa tangu enzi, uliosazwa na mashoka kama ilivyosazwa misitu ya kaya za Wamijikenda kule Kwale na Kilifi. Sivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mahali pale palikuwa machimbo meupe ya chokaa, na msitu unaouona leo ulianza kwa miche iliyopandwa kwa mikono juu ya mwamba mtupu.

Ndani ya msitu huo kuna vijia. Vinaitwa Bamburi Forest Trails, na vimetengwa kwa ajili ya watu wanaotembea, wanaokimbia na wanaoendesha baiskeli. Vinapita chini ya mivinje, vinaingia vichakani, vinakaribia vidimbwi na maziwa madogo yaliyotokana na uchimbaji, na kuna mahali palipoinuliwa ambapo watu huketi jioni kulitazama jua likichwa. Ninaamini hapa ndipo mahali bora pa kuendeshea baiskeli katika Kaunti nzima ya Mombasa. Kinachoniuma ni kwamba wanaopafaidi ni wachache, ilhali ng'ambo tatu za kisiwa, yaani Kisauni, Likoni na Changamwe, zimejaa watu wanaopanda baiskeli kila siku ya Mungu: mwenye kupeleka madafu mjini, mwenye kuuza maji kwa madumu, mwenye kuzungusha mikate alfajiri, mgema anayerudi na mnazi umefungwa kwenye keria. Kwao baiskeli ni kazi. Msitu huu ungewapa baiskeli ya raha, wao na watoto wao.

Ili kujua kwa nini vijia hivi vinaifaa baiskeli, shauri tulitazame kwanza shimo lenyewe.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kiliasisiwa na Felix Mandl mwaka 1951, na mtambo wake wa Mombasa ukaanza kutoa saruji mwaka 1954. Malighafi ilikuwa chini ya miguu. Ukanda huu wa pwani umekaa juu ya matumbawe yaliyokuwa hai zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Bahari ikashuka, matumbawe yakafa na kugeuka mwamba wa chokaa. Mwamba huo huvunjwa, huchanganywa na udongo wa mfinyanzi, huchomwa tanuuni kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, na kinachotoka husagwa hadi kuwa ule unga wa kijivu unaouzwa kwa mifuko. Nyumba, madaraja na gati ngapi za pwani yetu zimetoka humo!

Walichimba mpaka wakakaribia maji. Chini ya mwamba wa pwani kuna maji ya chumvichumvi, na wachimbaji waliacha tabaka nyembamba tu juu yake. Kilichobaki ni uwanja mpana, tambarare, mweupe wa kuumiza macho, usio na udongo, wenye joto la juu, chumvi ya chini na upepo wa bahari katikati. Mkulima yeyote wa Kilifi angekuambia kwamba hapo hapapandiki kitu.

Mwaka 1971 kazi ya kuufufua uwanja huo aliianza René Haller, Mswisi aliyesomea kilimo cha bustani na mimea ya nchi za joto, ambaye alikuwa kiwandani tangu 1959 akisimamia bustani na mashamba ya chakula cha wafanyakazi. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizovumilia ni tatu: mnazi, mti wa kutoka pande za Somalia ambao wataalamu huuita Conocarpus lancifolius, na mvinje. Mvinje ndio ulioshinda wote.

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa mvinje. Ni ule mti mrefu mwembamba wenye majani ya sindano, unaovuma upepo ukipita, na ambao watu wetu huupanda ili wapate boriti na nguzo za kujengea. Hauogopi chumvi. Mizizi yake ina vifundo ambamo huishi bakteria wanaoinasa naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mti, kwa hiyo unaweza kuanza maisha pasipo rutuba. Lakini mvinje nao ulileta shida yake. Sindano zilizoanguka hazikuoza. Zina tanini nyingi ambazo bakteria wa kawaida hawaziwezi, basi zikarundikana juu ya mwamba mwaka baada ya mwaka zikiwa kavu vilevile. Bila kuoza hakuna udongo, na bila udongo hakuna mti mwingine utakaoufuata mvinje. Ungekuwa na shamba la boriti tu.

Aliyeitegua shida hiyo ni jongoo. Namsema yule mkubwa mweusi mwenye miguu myekundu, anayetoka baada ya mvua, ambaye watoto humgusa kwa kijiti ili ajikunje. Alionekana akizila sindano za mvinje. Haller akaagiza majongoo wakusanywe kwa mamia na kuachiliwa chini ya miti. Wakatafuna. Kilichotoka tumboni mwao bakteria waliweza kukimaliza, na udongo mweusi ukaanza kujijenga juu ya chokaa. Mivinje mingine ikakatwa ili kutoa nafasi, na miti ya kiasili ikaingia, mivule ikiwamo.

Kisa hiki nimekitafakari mara nyingi, na kila mara kinaniongezea heshima kwa waliokifanya. Huko Kanada, katika Kisiwa cha Vancouver, Jennie Butchart, mke wa mwenye kiwanda cha saruji, naye aligeuza shimo la chokaa kuwa bustani ya maua mwanzoni mwa karne iliyopita, na bustani hiyo inatembelewa hadi leo. Lakini udongo wake ulisombwa kutoka mashambani kwa mikokoteni ya farasi. Bamburi udongo ulitengenezewa papo hapo, na viumbe wa hapahapa. Vidimbwi vilichimbwa, samaki wakafugwa, ndege wakaja wenyewe. Mwaka 1984 sehemu ya machimbo ilifunguliwa kwa umma, na baadaye ikapewa jina la Haller Park. Mwaka 1987 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilimtunuku Haller nishani ya Global 500. Dunia ilikuja kuijua Bamburi zaidi baada ya tsunami ya Desemba 2004, wakati kiboko mchanga aliyenasuliwa baharini karibu na Malindi, akapewa jina la Owen, alipoletwa hapa na kumganda kobe mzee aitwaye Mzee kana kwamba ni mamaye. Wageni wengi huja kwa ajili ya kisa hicho. Kwangu mimi jongoo ni mkuu zaidi.

Haller Park ni pa kutembea kwa miguu na kutazama wanyama. Baiskeli ina mahali pake pengine, kule Forest Trails, na hapo ndipo historia ya shimo inapokutana na tairi.

Sakafu ya msitu ni sakafu ya machimbo. Wachimbaji waliiacha ikiwa tambarare, kwa hiyo hakuna mlima wa kukukata pumzi. Mwinuko huja pale kijia kinapopanda kutoka kwenye shimo kwenda ukingoni. Juu ya mwamba kuna changarawe ya matumbawe, mchanga kiasi, ule udongo mweusi wa majongoo, na juu kabisa sindano kavu za mvinje. Tairi likipita juu ya sindano halina kishindo. Unasikia cheni yako mwenyewe, na pumzi yako, na kima wakirushiana maneno juu ya miti. Kivuli ni cha kweli. Mtu anayetoka kwenye lami ya barabara ya Malindi saa nne asubuhi, jua limeshapanda, akaingia chini ya mivinje, mwili wote humshukuru.

Lakini sindano hizohizo huficha mawe. Kipande cha tumbawe kilichovunjika kina makali, na tairi lililojazwa upepo hadi kuwa gumu kama la barabarani hugonga jiwe na kuruka badala ya kulimeza. Vilevile tairi lililolegea mno huachia rimu igonge mwamba, na tyubu hukatwa pande mbili kwa mkupuo mmoja. Kipimo kizuri ni cha kidole gumba: ukilibonyeza tairi kwa nguvu libonyee kidogo, si zaidi. Penye kona sindano huteleza, hasa asubuhi zikiwa na umande. Breki ishikwe kabla ya kona, si ndani ya kona, na ya nyuma ifanye kazi kubwa kuliko ya mbele. Mwendo nao uwe wa kuwaheshimu wanaotembea, kwa sababu vijia hivi si vya baiskeli peke yake, na mtoto anayekimbia hutokea kichakani ghafla.

Siku hizi kuna aina ya baiskeli inayoundwa hasa kwa njia kama hizi. Huitwa baiskeli ya changarawe. Ina usukani uliokunjwa kuelekea chini kama wa baiskeli ya mashindano ya lami, lakini tairi zake ni pana, kati ya milimita 35 na 50, gia zake ni nyepesi za kupandia, na breki zake ni za disiki ili zisishindwe na matope. Mbio zilizoipa sifa zilianza mwaka 2006 mjini Emporia, jimbo la Kansas, Marekani, kwenye njia za mawe za mashambani, na leo zinaitwa Unbound Gravel. Shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, UCI, liliandaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa changarawe mwaka 2022, katika jimbo la Veneto, Italia. Ni mchezo mchanga, wenye fedha, na baiskeli zake mpya zina bei ambayo wengi wetu hatutaifikia.

Sasa itazame ile baiskeli ya Black Mamba iliyoegeshwa nje ya duka la Mtopanga. Nyeusi, nzito, haina gia, breki zake huvutwa kwa vyuma badala ya waya. Tairi zake ni zile zilizoandikwa 28 kwa 1½, na upana wake ni milimita 40 hivi. Ni upana uleule ambao wenye baiskeli za changarawe wanauchagua leo kwa kujivunia. Mgema wa Utange na mchuuzi wa Mtongwe wameendesha tairi la namna hiyo kwenye mchanga, matope na mawe kwa miaka mingi, tena na mzigo mgongoni mwa baiskeli unaozidi uzito wao wenyewe. Ujuzi wa kuisoma njia, wa kujua mchanga upi utakumeza na upi utakubeba, wanao. Mtoto wa Mtopanga aliye na baiskeli ya babake tayari ana tairi linaloufaa msitu. Atachoka kuliko mwenye gia, na breki za vyuma zinataka tahadhari penye mteremko, lakini ataimaliza njia yote na kurudi.

Nasisitiza hilo kwa sababu nimewasikia vijana wakisema kwamba mchezo huu ni wa Wazungu na matajiri wa Nyali. Hapana. Kenya ina jina ndani yake. Mwaka 2021 mbio za Migration Gravel Race zilifanyika kwa mara ya kwanza Maasai Mara, mbio za siku nne katika njia za vumbi za wafugaji, na waendeshaji wa Afrika Mashariki chini ya Team Amani wakapata kupimana ubavu na wageni nyumbani kwao badala ya kusubiri viza. Nahodha wao alikuwa Sule Kangangi. Alifariki tarehe 27 Agosti 2022, akiwa na umri wa miaka 33, baada ya kuanguka katika mbio za changarawe jimboni Vermont, Marekani. Kifo chake kiliwaumiza wapenda baiskeli nchi nzima, kwa sababu alikuwa mtu aliyetaka njia aliyoipata yeye wapate na wengine. Kabla yao alikuwapo David Kinjah, aliyewafunza vijana kule Kikuyu, akiwamo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, ambaye baadaye alishinda Tour de France mara nne. Na Septemba 2025 ubingwa wa dunia wa barabarani ulifanyika Kigali, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Mbio zote hizi ziko mbali na bahari. Mtoto wa Kisauni huzisikia redioni tu, na hakuna aliyemwambia kwamba uwanja wa kujifunzia uko karibu na kwao.

Pwani ina mambo yake ambayo mwendeshaji wa nyanda za juu hayajui. La kwanza ni upepo. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili hadi Septemba, anayetoka Nyali kwenda Bamburi husukumwa mgongoni na kujiona shujaa, kisha wakati wa kurudi anaukuta uso kwa uso. Kaskazi huleta kinyume chake miezi ya Desemba hadi Machi. Ndani ya mivinje tofauti hiyo hupungua sana, na hilo ni jambo moja zaidi la kuupendea msitu. La pili ni chumvi. Hewa yetu hula cheni, spoku na nati polepole hata baiskeli isipokanyaga maji. Ukitoka msituni ifute kwa kitambaa chenye maji matamu, iache ikauke, kisha tone moja la mafuta kwa kila kiungo cha cheni na ufute yaliyozidi, maana mafuta mengi hukamata mchanga na mchanga husaga. Mafundi wa baiskeli wa mitaani, wale wenye beseni la maji la kutafutia pancha na rundo la tyubu kuukuu zimening'inizwa mwembeni, wanayajua haya kuliko kitabu chochote. Wapeleke kazi. Wanapungua.

Wanapungua kwa sababu baiskeli yenyewe imepungua, na hapa ndipo penye uchungu wa habari hii. Boda boda ilipozaliwa kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, upande wa Busia, ilikuwa baiskeli. Hata huku ng'ambo, kuna wakati ulishuka kwenye matatu ukapanda nyuma ya baiskeli, kwenye kiti cha sponji, ukapelekwa hadi mlangoni kwako kwa nauli ndogo. Mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru wa ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, zikamiminika, na waendesha baiskeli wa abiria wakafutika katika miaka michache tu. Siwalaumu vijana wa pikipiki. Wengi wao ndio haohao waliokuwa wakikanyaga pedeli, na pikipiki iliwapa kipato kikubwa zaidi. Lakini barabara ilibadilika. Pembezoni mwa lami, mahali ambapo baiskeli ilikuwa na haki yake ya mazoea, sasa ni njia ya pikipiki, kituo cha tuktuk, meza ya viazi karai na mtaro usiofunikwa.

Msitu wa Bamburi uko kama kilomita 10 kutoka kisiwani. Kwa baiskeli huo ni mwendo wa chini ya saa moja hata kwa mtu wa kawaida. Lakini mzazi gani wa Kisauni atamruhusu mtoto wa miaka 12 aendeshe peke yake kwenye barabara ya Malindi, kati ya malori ya saruji na mabasi ya Malindi na Lamu? Barabara hiyo inapanuliwa iwe ya njia mbili kila upande kuelekea Mtwapa na Kilifi, na upanuzi ulihitajika, foleni zilikuwa zimewachosha watu. Ila barabara pana bila njia ya baiskeli iliyotengwa na magari ni kasi zaidi tu karibu na goti la mwendeshaji. Mstari wa rangi hautoshi. Pikipiki huumeza siku hiyohiyo. Panahitajika ukingo wa zege, wenye kuendelea bila kukatika kutoka Daraja la Nyali hadi Shanzu, na vivuko vinavyomlinda mtu palepale kwenye vituo.

Mkaazi wa Likoni ana safari ndefu zaidi. Lazima avuke kwa feri, akate kisiwa kizima, kisha avuke tena Daraja la Nyali. Wa Changamwe hupita Makupa pamoja na malori ya bandarini. Hao wamepata faraja nyingine: barabara mpya ya Dongo Kundu, inayounganisha Miritini na Kusini mwa Pwani bila feri, na kupita juu ya maji kwa daraja la Mteza lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja. Jumapili asubuhi na mapema, kabla ya magari kuwa mengi, ni mandhari ya kumfungua mtu kifua, mikoko chini na upepo wa bahari ubavuni. Lakini ile ni barabara kuu ya magari yaendayo kasi, wala sitamshauri mtu ampeleke mtoto anayejifunza. Mtoto anataka mahali pasipo gari. Ng'ambo zote tatu, mahali pasipo gari, penye kivuli na penye njia ndefu ya kutosha, napajua pamoja tu.

Na mahali hapo ni mali ya watu binafsi. Hili halisemwi sana, na nadhani linapaswa kusemwa. Nairobi wana Karura, msitu wa serikali ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiulinda mnamo Januari 1999, na ambao leo una njia za baiskeli zinazojaa familia kila wikendi. Karura inalindwa na sheria ya misitu. Vijia vya Bamburi vimetunzwa kwa hiari ya kampuni ya saruji, kwa muda mrefu chini ya tawi lake la Lafarge Eco Systems, na Desemba 2024 kampuni yenyewe ilinunuliwa na Amsons Group ya Tanzania. Wenye mali wapya wamerithi mitambo, machimbo, na pia msitu uliowagharimu watu wengine zaidi ya miaka 50 ya kazi. Ninawasihi wautunze, na ninaisihi Kaunti ya Mombasa iketi nao mapema, wakati hakuna ugomvi wowote, waandikiane mkataba wa kudumu wa kuuacha wazi kwa umma. Ardhi ya Bamburi ina thamani kubwa kwa wajenzi wa nyumba. Kila mtu anayejua bei za viwanja vya Kiembeni anaelewa ninachokisema.

Mkataba huo ungeweza kuwa na sehemu ya watoto. Shule za msingi za Kisauni ziko nyingi kuzunguka msitu, na walimu tayari hufundisha mazingira vitabuni. Somo la mvinje na jongoo likifundishwa juu ya baiskeli, asubuhi moja ya Jumamosi kwa mwezi, na baiskeli kadhaa za kuazima zikawekwa langoni chini ya fundi wa mtaani anayelipwa, mtoto atatoka hapo anajua kuendesha, kuziba pancha na kueleza udongo unatoka wapi. Gharama yake ni ndogo mbele ya vitu vingi ambavyo kaunti na kampuni hutumia fedha kwavyo.

Wakati hayo yakisubiriwa, ipo njia ya kuanza. Usiishike barabara kuu. Ukikaa Mtopanga, Kiembeni au Utange, nyuma ya nyumba kuna barabara za vumbi zinazounganisha mitaa, na ukienda upande wa bara utafika pande za Nguuni, hifadhi nyingine ya kampuni hiyohiyo, yenye mikoma, mbuni na pofu. Huko ndiko kuendesha changarawe kwenyewe: mchanga, mawe, mbuzi njiani, na watu wanaokujibu salamu. Toka mapema, saa kumi na mbili na nusu, kabla ya jua kuwa kali. Beba lita mbili za maji, tyubu moja ya akiba, pampu, na pesa ya kiingilio. Vaa kofia ngumu hata kama njia ni ya mtaani. Nendeni wawili au zaidi, na wazazi waambiwe ni njia ipi. Mvua ya masika ikinyesha, achana na njia ya Utange kwa siku mbili tatu, maana udongo wake mwekundu hujaa kwenye madigadi hadi magurudumu yanagoma. Msituni maji hupenya kwenye chokaa haraka, na siku inayofuata unaweza kuendesha.